Kibuli, Kilima Kinachosoma Pande Mbili

Mtoto anayesomeshwa Kibuli, katika jiji la Kampala, huzoezwa kuyapeleka macho yake pande mbili. Daftari la Kiingereza, la Kiganda na la hesabu hulisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Msahafu huusoma kutoka kulia kwenda kushoto. Wenyeji hawaoni ajabu, na kweli si ajabu, maana watoto wa namna hiyo wako kila mahali kuanzia Lamu hadi Ujiji. Lakini Kibuli hali hiyo ilijengwa kwa makusudi, ikagharimu ardhi na mabishano ya miaka mingi. Ndiyo maana kilima hiki kinafaa kutumiwa kuuliza swali ambalo historia ya upofu nchini Uganda imelikwepa: mtu ambaye macho yake ni mazima ila ubongo wake umeumia, amepoteza nini hasa? Jibu la kawaida ni kwamba amepoteza kiasi fulani cha kuona, na kiasi hicho hupimwa hospitalini kama inavyopimwa damu. Jibu hilo naliona nusu tu. Kinachopotea hupata uzito wake kutokana na kazi ambayo mahali na desturi vimeyapa macho, na tiba isiyoijua kazi hiyo itampima mtu vibaya, kisha itamfundisha vibaya.

Tuanze na kusoma kwenyewe. Katika Buganda, maandishi ya kwanza kusomwa yalianzia kulia. Masimulizi ya Waislamu wa Uganda huanza mwaka 1844, pale Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyetokea pwani, alipothubutu kumkanya Kabaka Suna II mbele ya baraza lake juu ya kuua watu ovyo. Mwana wa Suna, Mutesa I, alikwenda mbali zaidi. Alijifunza hati za Kiarabu na lugha ya Kiswahili, na kuanzia 1867 alifunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi, akitaka watu wa ikulu yake nao wafuate. Kwa hiyo wamisionari wa Kianglikana walipofika mwaka 1877, na wale wa Kikatoliki mwaka 1879, hawakuwakuta watu wasiojua kitabu ni kitu gani. Waliwakuta watu walioanza kusoma kwa upande mwingine. Herufi za Kilatini ziligeuza mwelekeo wa macho ya ikulu katika miaka michache. Vita vya dini vilivyozuka mwaka 1888 viliwaacha Waislamu upande wa walioshindwa. Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, aliyeshika uongozi wao baada ya kifo cha Kabaka wao Kalema, alipelekwa uhamishoni Zanzibar mwaka 1893 na kurudishwa 1895. Alipofariki mwaka 1921 jamii yake ilikuwa na imani na ardhi kidogo, lakini shule karibu haina. Elimu serikali ya kikoloni iliwaachia wamisionari, na mzazi Mwislamu aliyempeleka mwanawe darasani alijua kwamba aliyetoka nyumbani Abdallah huenda akarudi Petero.

Aliyekibadilisha Kibuli ni Badru Kakungulu, mwana wa Mbogo. Ardhi aliyoirithi kilimani aliitoa kwa ajili ya msikiti na shule. Msikiti ulifunguliwa mwaka 1951 na Aly Khan, mwana wa Aga Khan wa tatu, na hata leo kuba lake na minara yake huonekana kutoka mitaa ya chini ya jiji. Msikiti ndio unaopigwa picha. Mimi naona shule ndizo zilizokuwa jambo zito zaidi. Katika miaka ya 1940 Kakungulu na wenzake waliunda chama cha elimu ya Waislamu wa Uganda, na shule na chuo cha walimu vilivyokua Kibuli vilishikilia msimamo mmoja: mtoto asilazimishwe kuchagua kati ya msahafu na mtihani wa serikali. Kulikuwa na wazee walioona kitabu cha Kiingereza kuwa mlango wa ubatizo, na kulikuwa na vijana walioona chuo cha Qur'ani kuwa kinawachelewesha. Kibuli iliwajibu wote wawili kwa kumpa mtoto yule yule vitabu vyote viwili. Hospitali ya Waislamu nayo ikaja kusimama juu ya kilima hicho hicho. Katika mabishano yote hayo hakuna aliyefikiria ubongo, wala hakuwa na sababu ya kuufikiria.

Mbogo alipokuwa bado hai, daktari kijana wa macho nchini Japani alikuwa akipima majeruhi wa vita vya mwaka 1904 na 1905 kati ya nchi yake na Urusi. Tatsuji Inouye hakutumwa kugundua lolote. Kazi yake ilikuwa kupima uono wa askari ili walipwe pensheni kwa haki. Lakini bunduki mpya za Warusi zilirusha risasi ndogo yenye kasi kubwa, iliyoweza kupenya kichwa upande mmoja na kutokea wa pili bila kumwua mtu. Inouye alibuni chombo cha kupimia kichwa, akaunganisha tundu la kuingilia na la kutokea kwa mstari ulionyooka, akajua ni sehemu gani ya ubongo iliyoguswa, kisha akalinganisha na sehemu ya uwanja wa kuona iliyokufa. Kwa askari 29 alipata ramani. Kisogo cha kulia huona ulimwengu wa kushoto, na cha kushoto huona wa kulia, haidhuru ni jicho gani limefunguliwa. Sehemu ya juu ya eneo hilo huona chini, ya chini huona juu. Na katikati ya uono, pale tunapoelekeza jicho ili tusome, pamepewa eneo kubwa kabisa kwenye ncha ya nyuma. Alichapisha kazi yake Leipzig mwaka 1909. Miaka michache baadaye Gordon Holmes, daktari wa Kiayalandi katika jeshi la Uingereza, aliithibitisha kwa majeruhi wa mahandaki ya Ufaransa.

Mwanachuoni yeyote wa Kibuli angeweza kudai kwamba sehemu ya habari hii ilikuwa mali ya nyumbani. Ibn al-Haytham, aliyeandika Kitab al-Manazir huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alishasema kwamba jicho hupokea tu, na kwamba kuona hukamilika ndani ya ubongo, ambako nguvu ya kupambanua hulinganisha, hukumbuka na kuamua. Mahali alipakosea, kwani alipaweka mbele ya ubongo nasi tunajua ni kisogoni. Kuhusu kazi yenyewe alikuwa karibu na ukweli kuliko madaktari wengi waliomfuata, ambao kwao kuona kulikuwa picha inayoanguka mahali fulani. Katika mwaka 1917 George Riddoch, daktari wa jeshi jijini London, aliripoti jambo ambalo picha peke yake haiwezi kulieleza. Askari aliyeumia kisogo hakuona kabisa kitu cheupe kilichoshikwa kimya katika upande wake uliokufa. Kitu kile kile kilipotikiswa, alijua kuna kinachotikisika, ingawa hakuweza kusema kina umbo gani wala rangi gani. Holmes hakukubali kwamba mwendo unaweza kuonekana peke yake, na ubishi huo ulilala zaidi ya miaka hamsini.

Sasa turudi Kibuli na maandishi yake mawili. Mtu aliyepatwa na kiharusi au aliyepigwa kichwa akapoteza nusu ya uwanja wa kuona, mara nyingi huendelea kuona vizuri kabisa katika nusu iliyobaki. Msimamishe mbele ya ubao wa herufi ule ulioanza na Snellen mwaka 1862, atasoma hadi mstari wa chini. Mpe kitabu, atashindwa. Wilbrand, Mjerumani, alishaeleza mwaka 1907 kwamba kuna shida ya kusoma inayotokana na nusu uwanja iliyopotea, na kwamba upande uliopotea ndio unaoamua ni shida gani. Anayesoma kutoka kushoto kwenda kulia huku nusu ya kulia imekufa haoni neno linalokuja. Kila mruko wa jicho anaurusha gizani. Aliyepoteza kushoto husoma mstari vizuri, ila akifika mwisho hupata taabu kurudi kuupata mwanzo wa mstari unaofuata. Wa kwanza ana hali mbaya zaidi, na vitabu vya tiba vya Ulaya vimelieleza hilo kana kwamba ni sheria ya ubongo.

Si sheria ya ubongo, ni sheria ya kitabu. Mwaka 1981 Alexander Pollatsek na wenzake waliwapima watu wanaosoma Kiebrania na Kiingereza. Ilikuwa inajulikana tayari kwamba msomaji wa Kiingereza, jicho lake likitua kwenye neno, hunufaika na herufi kama 14 au 15 upande wa kulia, na tatu au nne tu upande wa kushoto. Watu hao wa lugha mbili, wakisoma Kiingereza, walikuwa hivyo hivyo. Wakichukua maandishi ya Kiebrania, upande mpana ulihamia kushoto. Jicho ni lile lile na ubongo ni ule ule, ila mwelekeo wa kitabu umebadilika. Baadaye Kiarabu nacho kilionyesha mwelekeo huo. Ukiuchukua ushahidi huu ukaupeleka Kibuli, matokeo yake ni mazito: jeraha moja la kisogo cha kushoto humnyima mtu gazeti lake la Kiganda huku likimwachia msahafu ukiwa na usumbufu mdogo tu, na jeraha la kulia hufanya kinyume. Daktari anayemwuliza mgonjwa kama anaweza kusoma, bila kuuliza anasoma nini, amepata jibu la nusu ya maisha yake. Na kwa mwalimu wa madrasa na karani wa ofisi, nusu hizo si sawa.

Kwa nini swali hili halikuulizwa Uganda? Kwa sababu taasisi za upofu zilijengwa juu ya jicho, na zilijengwa hivyo kwa sababu nzuri. Nchi ilikuwa na trakoma, ilikuwa na usubi kandokando ya mito yenye maji ya kasi, ilikuwa na mtoto wa jicho na surua. John Wilson, Mwingereza aliyepofushwa na mlipuko wa maabara ya shule akiwa na umri wa miaka 12, alizunguka Afrika baada ya Vita Kuu ya Pili kisha mwaka 1950 akawa mwanzilishi wa shirika la wasioona wa himaya yote ya Uingereza. Uganda, chini ya gavana Andrew Cohen, iliitikia upesi: Baraza la Kutunga Sheria lilishughulikia elimu ya wasioona mwaka 1952, wakfu wao ukaanzishwa mwaka 1954, na mwaka 1955 mafunzo ya watoto yakaanza Madera, Soroti. Hizo zilikuwa kazi za heshima. Lakini mlango wake ulikuwa na kizingiti kimoja: huoni au unaona. Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikieneza baadaye kimesema hivyo hivyo kwa namba: kipofu ni yule ambaye jicho lake lililo bora halifiki 3/60, au ambaye uwanja wake wa kuona umebanwa ukabaki chini ya nyuzi 10 kuzunguka katikati. Aliyepoteza nusu nzima ya ulimwengu akabaki na uono kamili, 6/6, katikati haingii humo. Madera asingepokewa, na kliniki ya miwani ingemrudisha nyumbani ikimpongeza kwa macho mazuri.

Kuna pingamizi ambalo mtu wa wizara ya afya angelitoa mara moja, na ni la haki. Nchi ambayo bado ina watu wanaosubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, operesheni fupi inayorudisha uono wote, ina haki gani ya kuhangaikia mabaki ya uono wa watu wachache walioumia ubongo? Ningekubali iwapo wangekuwa wachache na iwapo kuwahudumia kungechukua pesa za upasuaji. Yote mawili yana shaka. Malaria ya ubongo peke yake inatosha kutikisa neno «wachache». Tangu uchunguzi wa Gambia wa mwaka 1990, na baadaye ule wa Malawi na wa hospitali ya Mulago, kutoona kunakotokana na ubongo kumekuwa katika orodha ya madhara ambayo mtoto huamka nayo kutoka katika kuzimia. Ongeza watoto wa kichwa maji, ambao ni wengi kiasi kwamba hospitali iliyofunguliwa Mbale mwaka 2001 ilipata sifa duniani kwa kuwatibu. Maji yakijaa nyuma ya ubongo hukandamiza nyuzi zile zile zinazopeleka habari kisogoni. Ongeza kiharusi cha presha, na ongeza vichwa visivyo na helmeti katika ajali za bodaboda. Wizara itajibu kwamba watoto wengi wa malaria hupona kuona ndani ya miezi michache, na ni kweli. Ila kupona huko hujulikana kwa sababu tu waliofuatiliwa walikuwa ndani ya utafiti. Aliyebaki na pengo upande mmoja anarudi darasani akiruka maneno, akigonga mlango kwa bega, na jina analopewa si mgonjwa, ni mzembe.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo linatoka ndani ya sayansi yenyewe: mabaki haya yanafundishika kweli? Hapa historia imejaa ahadi zilizozidi ushahidi, na ni vizuri kuzitenganisha. Mwaka 1974 Lawrence Weiskrantz na wenzake waliripoti juu ya mgonjwa D.B., aliyeondolewa sehemu ya kisogo cha kulia, ambaye alisema haoni kitu kushoto lakini alipolazimishwa kubahatisha alionyesha kwa kidole mahali taa ilipo, akashangaa kuambiwa alikuwa sahihi. Hivyo Riddoch alirudishiwa heshima yake. Kisha akaja mgonjwa T.N., daktari Mwafrika aliyekuwa akiishi Uswisi, aliyepoteza visogo vyote viwili kwa viharusi viwili vilivyofuatana. Mwaka 2008 Beatrice de Gelder na wenzake walimwomba atembee bila fimbo katika ushoroba uliowekwa maboksi na makolokolo. Akapita akiyakwepa yote, moja baada ya jingine, na hakujua kwamba aliyakwepa. Mambo haya ni ya kweli, lakini hayatoshi kuwa tiba. Mtu asiyejua kwamba ameona hawezi kuamua kuvuka barabara.

Walioahidi kurudisha uwanja uliopotea wamekuwa na bahati mbaya zaidi. Mwaka 1998 kundi la Magdeburg, akiwemo Bernhard Sabel, lilitangaza kwamba mazoezi ya kompyuta yanasogeza mpaka wa upofu. Mwaka 2005 watafiti wa Tübingen walipima wagonjwa wa mazoezi hayo kwa chombo kinachofuatilia jicho lenyewe wakati wa kipimo, na mpaka haukuwa umesogea kwa namna ya maana. Maelezo yaliyobaki yenye nguvu ni kwamba wagonjwa walikuwa wamejifunza kuyatembeza macho yao kidogo kuelekea upande uliokufa. Wengi wakaona hapo mradi mzima umeanguka. Mimi naona ndipo ulipopata miguu. Ikiwa mtu bila kufundishwa rasmi hujifunza kulipeleka jicho kule kusikoonekana, basi kufundishwa kwa utaratibu kuna maana, na ndivyo Josef Zihl alivyokuwa akifanya Munich: ruka mbali kuelekea upande mbaya, rudi, ruka tena, mpaka iwe tabia. Mapitio ya ushahidi yaliyofuata yamekuwa ya tahadhari. Yanasema tafiti ni ndogo na faida inayoonekana ni katika maisha ya kila siku kuliko katika ramani ya uwanja. Tahadhari hiyo naikubali yote. Lakini itazame kwa macho ya hospitali yenye chumba kimoja cha mazoezi ya viungo: tiba yenye ushahidi mnono kidogo kuliko nyingine ndiyo isiyohitaji mashine.

Na hapa ndipo kilima kinapodai haki yake, maana kutembeza macho si zoezi moja. London kuna programu ya bure ya mazoezi ya kusoma, iliyotengenezwa na kundi la Alexander Leff, ambamo maandishi hutiririka kutoka kulia kwenda kushoto ili kulilazimisha jicho lifuate upande uliopotea. Imetengenezwa kwa Kiingereza na kwa wale wanaopoteza kulia. Kwa msomaji wa msahafu aliyepoteza kushoto, mtiririko ungepaswa kugeuzwa, na kumpa ule wa London ni kumfanyisha zoezi la shida ya mtu mwingine. Barabara nayo ina mwelekeo wake. Uganda, kama Kenya na Tanzania, iliachiwa na Waingereza desturi ya kuendesha kushoto, kwa hiyo anayetoka ukingoni hukutana kwanza na gari la kulia. Kigali, Bujumbura na Goma ni kinyume. Anayeshuka Kibuli bila nusu ya kulia anaingia hatarini hatua ya kwanza. Mwenzake wa Bujumbura mwenye jeraha hilo hilo ana nusu barabara ya kujirekebisha. (Bodaboda, ambazo hutoka popote, zinawasawazisha kidogo.)

Linabaki pingamizi moja la Kibuli wenyewe. Watu waliolelewa na msahafu, wataambiwa wapimaji, hawasomi herufi kwa herufi. Wamehifadhi, na jicho likishika neno la kwanza ulimi humaliza aya. Kwa nini basi tuogope nusu ya kushoto iliyopotea? Ndiyo, hifadhi humsaidia mgonjwa, na ni msaada ambao msomaji wa gazeti hana. Lakini msaada huo huo humdanganya mpimaji. Hafidhi aliyepoteza kushoto atasoma sura aliyoijua tangu utotoni bila kukwama, na karatasi itaandikwa kwamba anasoma. Shida itajitokeza siku atakapofungua tafsiri ya Kiarabu asiyoijua, au barua, au hati ya ardhi. Basi kwenye chumba cha kupimia cha kilima hiki panahitajika kurasa mbili ambazo mgonjwa hajapata kuziona: moja ya herufi za Kilatini, na moja ya Kiarabu isiyotoka katika msahafu. Na kila moja ipimwe kwa saa peke yake, matokeo yaandikwe mbalimbali.